Hérémence hadi Grimentz: shajara ya mwaka mmoja wa kupanda

Januari

Mradi wa mwaka huu ni mmoja tu: kumaliza Grand Raid BCVS nikianzia Hérémence.

Kwa asiyeyafahamu mashindano haya, ni mbio za siku moja za baiskeli za milimani katika jimbo la Valais, kusini-magharibi mwa Uswisi, na hufanyika mwezi Agosti. Mwisho wa mbio ni mmoja, kijiji cha Grimentz, ila vituo vya kuanzia ni vinne na kila mtu anachagua kwa kadiri ya miguu yake. Wanaoanzia Verbier wana kilomita 125 na mita 5,025 za kupanda. Wa Nendaz wana kilomita 93 na mita 3,944. Wa Hérémence kilomita 68 na mita 2,996. Wa Evolène kilomita 37 na mita 1,845. Mwaka jana nilianzia Evolène, nikafika salama, na tangu siku hiyo sijatulia.

Ukizisoma namba hizo, za kutazama kwanza ni mita za kupanda. Kilomita 68 kwenye lami ya tambarare ni kazi ya asubuhi moja. Huku ni kutwa nzima, na nusu ya kutwa hiyo unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Naishi Sion, bondeni kando ya mto Rhône, na kazi yangu ni kutunza wazee kwa zamu. Mazoezi yote yatalazimika kuingia katikati ya zamu hizo. Milima ya huku haikunitisha nilipofika, kwa sababu nimekua nikitazama Kibo kila asubuhi mawingu yakiruhusu, lakini kupanda mlima kwa baiskeli ni elimu nyingine kabisa na nimeianza ukubwani.

Sehemu ya juu kabisa ya njia ni kipito cha Pas de Lona, mita 2,787 juu ya usawa wa bahari. Watu wa nyumbani watanielewa nikisema ni juu kidogo ya vibanda vya Mandara, pale wapanda Kilimanjaro wanapolala usiku wa kwanza kwenye njia ya Marangu. Kwa urefu huo kila pumzi inabeba oksijeni kama asilimia 71 tu ya ile unayoipata ufukweni Tanga.

Na njia hii si ya mchezo hata kwa wakubwa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika hapa Valais, na mbio ndefu, yaani marathoni, zilitoka Verbier hadi Grimentz. Upande wa wanaume alishinda Keegan Swenson, upande wa wanawake Kate Courtney, wote Wamarekani. Waliyoyapita wao ndiyo nitakayoyapita mimi kuanzia Hérémence, ila kwa saa zangu.

Februari

Theluji imefunika kila kitu juu ya mita 1,200, lakini bonde la Rhône ni kavu. Naendesha kwenye njia ya baiskeli kando ya mto, Martigny siku moja, Sierre siku nyingine, kwa mwendo ambao naweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wengi wanauona mwendo huu ni wa uvivu. Mimi nauheshimu kuliko mazoezi mengine yote, maana ndio unaoufundisha mwili kutumia mafuta yake na kuitunza sukari kwa ajili ya milima.

Mwezi huu pia nimekaa na daftari kupiga hesabu ya mradi. Kipimo changu ni mita za kupanda kwa saa. Nikipanda mita 600 kwa saa, mita 2,996 ni saa tano za kupanda tu. Ongeza miteremko, ongeza kusukuma baiskeli kwa miguu, ongeza vituo vya maji, jumla inafika muda wa saa nane. Hiyo itanipitisha kwenye milango ya muda. Milango hiyo ni ya kweli: ukichelewa kufika sehemu fulani, wanakusimamisha hapohapo na safari yako imeishia hapo, hata kama miguu bado ina nguvu.

Mita 600 kwa saa zinahitaji nini? Mimi, baiskeli, maji na vifaa ni kilo 82. Kuupandisha mzigo huo mita 600 ndani ya saa moja kunakula wati 134 kwa kupambana na uzito peke yake, kabla hujahesabu tairi zinavyozama kwenye udongo na msuguano wa cheni. Kwenye njia ya kokoto naweka 160. Kwa hiyo swali la mwaka mzima ni kama naweza kutoa wati 160 saa moja, nikala, nikashuka, kisha nikatoa wati 160 tena, na tena, hadi mwisho.

Hesabu hiyohiyo imenipa jibu la jambo lingine. Watu wanalipa fedha nyingi sana kupunguza kilo moja kwenye baiskeli. Kilo moja kwa mwendo wangu ni chini ya wati mbili. Fedha hiyo naiweka kwenye tairi nzuri na pedi za breki.

Machi

Nimebadilisha sproketi ya mbele. Baiskeli ilikuja na meno 32 mbele, na nyuma gia kubwa kabisa ina meno 52. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, kwa mwendo wangu wa mita 600 kwa saa, pedali ingezunguka mara 48 kwa dakika. Hapo unakanyaga kwa magoti, na magoti hayadumu saa nane. Nimeweka meno 28, mizunguko ikapanda hadi 54. Inaonekana tofauti ndogo. Jaribu mlima wa saa moja na nusu kwa gia hizo mbili, kesho yake magoti yenyewe yatakueleza.

Fundi dukani alinishauri nibaki na 32, akisema 28 itaniishia kwenye tambarare. Njia hii haina tambarare za kunisumbua. Kasi ya kwenye lami wala siitafuti.

Aprili

Nimepata mwenzangu wa mazoezi. Ni mtu wa Bukavu, amekaa Sion kunizidi kwa miaka mingi, na kwa umri ni kaka yangu mkubwa, kwa hiyo namwita kaka na yeye ananiita mdogo wangu. Kiswahili chake na changu vinapishana hapa na pale, lakini mlimani hatupungukiwi na maneno. Yeye amewahi kumaliza kutoka Nendaz.

Siku ya kwanza tulipanda kutoka Sion kwenda Vex hadi Hérémence. Nilikuwa mbele, damu imechemka, yeye anakuja nyuma bila papara.

"Mdogo wangu," akaniita, "unapanda na nani?"

"Na wewe, kaka."

"Hapana. Mimi niko huku nyuma. Angalia mapigo yako."

Nikaangalia kompyuta ya kwenye usukani: mapigo ya moyo 171 kwa dakika. Kwangu huo ni mwendo wa dakika ishirini, si wa kutwa. Akaniwekea sharti ninaloendelea kulifuata: robo ya kwanza ya kila mlima mrefu, mapigo yasivuke 145, hata kama bibi kizee ananipita. Wengi wanaoshindwa kumaliza, aliniambia, wanaharibu siku yao kwenye mlima wa kwanza, ila maumivu wanakuja kuyalipia kwenye wa tatu, hivyo wanaulaumu wa tatu.

Wakati wa kurudi tulishuka kwenye baiskeli tukatembea kando ya mfereji wa maji wa zamani. Huku mifereji hiyo wanaiita *bisse*. Imechimbwa karne nyingi zilizopita kuyateka maji ya barafu huko juu na kuyaleta kwenye mashamba ya chini, ikizungukia ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo sana. Nilisimama pale muda. Ni mifongo yetu ileile ya Uchagani inayoleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba! Na utaratibu ni uleule: maji kwa zamu, kila mwenye shamba na saa yake, na siku ya kusafisha mfereji wote wanatoka. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza umwagiliaji huu wa jadi wa Uswisi na nchi nyingine kadhaa za Ulaya kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wazee wetu waliochimba mifongo wanastahili heshima hiyohiyo, na nimemwahidi kaka kwamba tukienda wote Marangu nitampeleka kuuona mfongo mmoja baada ya mwingine.

Vijia vya kando ya mifereji vingi ni vyembamba na ni vya waendao kwa miguu. Hatupandi baiskeli hapo. Njia za kuendesha ziko tele.

Mei

Mwezi wa chakula. Hili ndilo jambo nililotaka kuliandikia kwa urefu tangu nianze shajara, kwa sababu naamini mbio hizi zinaamuliwa tumboni kama zinavyoamuliwa miguuni.

Mwili una akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na ini. Mlimani akiba hiyo haitoshi hata nusu ya siku yangu. Ikiisha, nguvu haipungui taratibu. Inakatika. Unaona mikono inatetemeka, unakasirika bila sababu, na mlima wa kawaida unageuka ukuta. Dawa yake ni kula kabla ya njaa, kila dakika ishirini, kuanzia nusu saa ya kwanza, na kuendelea hata usipojisikia.

Lengo langu ni gramu 70 za wanga kwa saa. Utumbo una milango tofauti ya kupitishia glukosi na fruktosi, kwa hiyo ukichanganya aina mbili unaingiza nyingi zaidi kuliko ukitumia moja. Na hapa kuna habari njema kwa mfuko: sukari ya kawaida ya jikoni ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Chupa yangu ya mililita 750 ina gramu 50 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau. Vinywaji vya dukani vinafanya kazi nzuri, sibishi, lakini bei yake kwa msimu mzima ni kubwa.

Zilizobaki nazipata kwa tende na viazi vidogo vya kuchemsha vilivyokolezwa chumvi. Tende moja kubwa ina gramu 16 au zaidi. Nilijaribu kashata za karanga pia, nazipenda mno, ila mafuta ya karanga yanachelewesha chakula tumboni. Kashata nimezihamishia kwenye safari za polepole za Jumapili, na huko zinatutendea haki mimi na kaka.

Usiku wa kabla ya safari ndefu napika mtori. Ndizi napata kwenye duka la Waafrika na Waasia karibu na stesheni, si mshare wa nyumbani lakini zinasagika vizuri. Nyama naiweka kidogo. Mtori mwepesi hautakuacha na njaa wala hautakulemea alfajiri.

Tumbo nalo linafundishwa. Mwezi wa kwanza gramu 70 zilinijaza gesi. Nikarudi hadi 45, nikaongeza taratibu wiki hadi wiki, na sasa zinapita bila neno.

Juni

Pas de Lona haipandiki yote kwa baiskeli. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wa mawe, na karibu kila mtu anashuka na kusukuma au kubeba. Kwa hiyo mwezi huu nimefanya mazoezi ya kubeba. Sion ina vilima viwili katikati ya mji, Valère wenye kanisa la kale na Tourbillon wenye magofu ya ngome. Alfajiri kabla ya zamu napanda ngazi za mawe za Valère baiskeli ikiwa mgongoni.

Namna ya kubeba ina umuhimu wake. Nageuza usukani kidogo, nashika fremu chini karibu na pedali kwa mkono mmoja na mguu wa shokapu kwa mkono mwingine, nainua kupita kichwa, nailaza mabegani juu ya mkoba, bomba la chini likikaa nyuma ya shingo. Ikikaa vizuri unaweza kuachia mkono mmoja. Ikikaa vibaya pedali inakuchoma mbavu kila hatua. Na viatu vyenye chuma cha kunasa kwenye pedali vinateleza kwenye jiwe lililosuguliwa, kwa hiyo nimenunua vyenye soli ya mpira mbele na nyuma.

Mama alipiga simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za juu, nahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo, uko salama?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hiyo baiskeli inakubeba wewe au unaibeba wewe?" Nikamjibu kwamba kutwa nzima itanibeba, na kwa muda kidogo tu nitaibeba mimi. Akasema basi ni haki.

Julai, mwanzoni

Theluji imeondoka juu, imebaki vipande kwenye vivuli. Nimekwenda kuikagua njia. Gari la posta, yale mabasi ya njano, lilinipandisha na baiskeli kutoka Sion hadi Evolène, likipita Euseigne ambako barabara inatoboa nguzo za udongo zilizobeba mawe makubwa vichwani. Kila nikipita hapo nageuza shingo.

Kutoka Evolène unapanda kwenda Eison, kijiji cha nyumba za mbao zilizoiva jua hadi zikawa nyeusi. Baada ya hapo ni njia ya gari la shamba hadi malisho ya juu ya L'A Vieille. Inapanda bila huruma lakini inapandika. Ng'ombe wa Hérens wamejaa huko, weusi, wafupi, shingo nene, ndio wale wanaopigana wenyewe kwa wenyewe kumtafuta malkia wa kundi. Hawana shida na baiskeli mradi usipite katikati yao na ndama.

Wanaotaka tahadhari ni mbwa wa kulinda kondoo. Mbwa mwitu wamerudi Valais, kwa hiyo wafugaji wanawaacha mbwa weupe wakubwa na makundi. Ukiwaona, shuka kwenye baiskeli, iweke kati yako na wao, ongea kwa sauti ya kawaida, zunguka mbali na kondoo. Mmoja alikuja kuninusa, akanisindikiza hatua kadhaa, akarudi kazini kwake.

Juu ya L'A Vieille kijia kinaingia kwenye mawe. Nilisukuma, nikabeba, nikasukuma tena, na nilifika kipitoni nikiwa na nguvu za kutazama. Mbele kuna bonde la juu lenye ziwa dogo la Lona, unashuka kidogo, unapanda tena hadi Basset de Lona, ndipo mteremko mkubwa unaanza kuelekea ziwa la Moiry. Wengi wanadhani Pas de Lona ndio mwisho wa kupanda. Nimekiandika kipande cha Basset kwa wino mwekundu ili siku yenyewe moyo usishtuke.

Alasiri mawingu yalianza kukusanyika juu ya Moiry. Nikashuka mara moja. Milimani radi za majira ya joto zinakuja baada ya saa nane mchana, na kipitoni hakuna mti wala kibanda. Kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Nilipofika kwenye ukuta wa bwawa la Moiry nilikuwa nahesabu sekunde kumi na mbili.

Julai, mwishoni

Mpanda ngazi hushuka, na mradi huu una miteremko ya kutosha. Kutoka Pas de Lona hadi Grimentz unapoteza zaidi ya mita 1,200, mwili ukiwa umechoka na mikono ikiwa haina nguvu. Watu wanafanya mazoezi ya kupanda miezi sita halafu wanashuka kwa kuomba Mungu. Mimi nimeutenga mwezi huu kwa kazi ya kushuka.

Shida ya anayeanza ni kushika breki muda wote kwa wasiwasi. Diski inapata joto, pedi zinachemka, uso wake unang'aa kama kioo na breki inakuwa laini mkononi. Harufu yake ni ya kitu kilichoungua, ukishaisikia huisahau. Njia sahihi ni kushika kwa nguvu kabla ya kona, mwendo upungue, kisha uachie kabisa ndani ya kona. Kati ya kona na kona breki inapoa. Kidole kimoja tu kwenye mkono wa breki, vingine vyote vimeshika usukani. Visigino chini, kiuno nyuma kidogo, macho yaende mbali, maana baiskeli inafuata macho. Ukilitazama jiwe, utaligonga hilo hilo.

Nimeweka pedi za chuma badala ya zile za utomvu. Zinapiga kelele zikiloa na zinachelewa kushika asubuhi ya baridi, lakini zinavumilia joto na haziliki haraka kwenye matope. Diski ya mbele nimeiongeza hadi milimita 180.

Tairi hazina tyubu, ndani kuna maji ya kuziba pancha. Presha naiweka bar 1.5 mbele na 1.6 nyuma. Wengi wanajaza mno wakiogopa pancha, halafu tairi inarukaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia, na mikono ndiyo inayolipa. Mkobani nabeba vijiti vya kuzibia tundu, tyubu moja ya akiba, pampu, kiungo cha cheni, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika gia ya nyuma kwenye fremu. Hicho cha mwisho kinavunjika kwa kuanguka mara moja tu, na kila fremu ina chake, huwezi kuazima.

Wiki ya mashindano

Nimepunguza mazoezi. Miguu inawasha kwa kukosa kazi, kaka anasema ndivyo inavyotakiwa. Mpango nimeuandika kwenye karatasi na kuubandika juu ya bomba la fremu: jina la sehemu, kula nini, mapigo mwisho wapi. Kaka hashindani mwaka huu, goti linamsumbua. Atakuwa Eison na chupa zangu mbili.

Agosti, siku yenyewe

Hérémence iko kama mita 1,240 juu ya bahari, na katikati ya nyumba zake za kale kuna kanisa la zege la mwaka 1971 ambalo kwa mbali unaweza kulidhania jabali. Tulipangwa chini yake. Baridi, koti nyepesi, watu wanachezesha pedali bila kuongea.

Mlima wa kwanza ni wa kwenda malisho ya Mandelon. Wakanipita wengi. Niliiangalia namba kwenye usukani, 143, 144, nikawaacha waende. Katikati ya mlima wakaanza kutufikia watu waliotoka Verbier alfajiri, miguu yao ikiwa na kilomita 57 zaidi ya yangu. Hawahemi kwa kelele. Mwanamke mmoja mwenye mvi alinipita taratibu, akanisalimia *bonjour* kwa sauti ya mtu anayekwenda sokoni, na nikamfuata kwa macho hadi kona ya tatu. Wanapata heshima yangu yote.

Mteremko wa kwenda upande wa Evolène ulinipa zawadi ya Julai. Niliowaachia kwenye mlima niliwakuta kwenye kona, wameshika breki muda wote, na harufu ile ilikuwa imetanda.

Eison kaka alikuwa amesimama kwenye kivuli, chupa mkononi. "Umekula?" Swali lake la kwanza. Nikamwonyesha kokwa za tende mfukoni. "Enda sasa. Pole pole mpaka L'A Vieille, baada ya hapo sali."

Kutoka hapo jua lilikuwa kali. Naandika kilichotokea kwenye mawe ya Pas de Lona kwa sababu ndicho nilichokifuata. Watu wote wako kwa miguu, mstari mmoja unaopanda kwa zigizaga, baiskeli mabegani zinang'aa. Hakuna anayempita mwenzake. Unasikia viatu vya chuma vikikwaruza jiwe, unasikia mtu wa mbele anavyovuta pumzi, na huko juu kengele za ng'ombe ambazo watazamaji wanazipiga kwa mikono. Kijana aliyekuwa mbele yangu alisimama, miguu imekaza, hawezi. Nikampa nusu ya viazi vyangu na maji ya chumvi. Alitafuna huku ameinamia usukani, kisha akainuka, tukaenda naye hatua kwa hatua. Sikulijua jina lake wala yeye langu. Kipitoni alinishika bega tu, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Basset de Lona haikunishtua. Wino mwekundu ulifanya kazi yake.

Kisha Moiry. Maji yake ni ya bluu iliyochanganyika na maziwa kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu, na njia inaliteremkia ziwa kwa kona nyingi. Mikono iliuma, lakini kila kona niliachia breki kama nilivyojifunza, na breki zilibaki ngumu hadi chini. Grimentz ilionekana kwa maua yake mekundu ya kwenye madirisha kabla sijausikia muziki wa mstari wa mwisho. Nilimaliza ndani ya muda, kwa saa nane na kidogo. Milango yote nilipita na akiba.

Chakula cha kwanza nilichoomba ni jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi. Nikampigia mama, nikamwambia nimefika na baiskeli imefika.

Septemba

Nimefungua baiskeli yote. Pedi za nyuma zimebaki unene wa kucha, za mbele zina nusu. Cheni imelegea, nimebadilisha. Beringi za shokapu ya nyuma zinakwaruza, zitatolewa.

Kompyuta ya usukani inasema wastani wangu kwenye milima mikubwa ulikuwa mita 590 kwa saa mlima wa kwanza, 560 kwenye wa mwisho ukiondoa sehemu ya kubeba. Tofauti hiyo ndogo inanifurahisha kuliko saa za kumaliza. Maana yake sharti la mapigo 145 na gramu 70 vimeshika hadi mwisho.

Mwakani ni Nendaz. Ni kilomita 25 za ziada na mita 948 za kupanda, yaani saa moja na nusu hivi ya kupanda kwa mwendo wangu, pamoja na mteremko wake na chakula chake. Gramu 70 zitabidi zipande hadi 80. Goti la kaka linapona na amesema atashindana, kwa hiyo wa kusimama Eison na chupa itabidi tumtafute. Novemba narudi kwenye njia ya mto Rhône, mwendo wa kuongea.